Vijiwe Ndani ya Bakuli

Siku hizi, kabla sijafumbua macho, huviuliza kwanza vidole vyangu kama vimeamka. Vikijibu, namshukuru Mungu. Visipojibu, nalala hapo kidogo nikisikiliza ukungu ukidondoka kutoka kwenye majani ya migomba, kwa sababu nimejifunza kwamba vidole havipigiwi kelele. Haya nayaandika kwa ajili yako wewe uliyeamka leo na mkono umefura, ukadhani umeulalia vibaya. Nami nilidhani hivyo. Nilidhani hivyo kuanzia mvua za masika hadi mahindi yakavunwa.

Mimi ni mchongaji wa mawe, huku Tabaka, katika vilima vya Kisii. Kwetu kazi ya mawe imegawanywa tangu zamani. Mwanamume hulikata jiwe na kulipa umbo kwa panga na patasi, kisha huliweka chini. Mwanamke huliokota, akakaa na karai la maji na msasa, akalisugua hadi vumbi jeupe litoke na rangi ya ndani ionekane. Jiwe kavu halikuambii lina rangi gani. Ni maji ndiyo huliumbua. Marehemu mke wangu ndiye aliyesugua kazi zangu zote, na alikuwa na lalamiko moja ambalo hakulichoka: kwamba kila alichokisugua kiliondoka. Alikuwa akisema, "Nyumba ya mchongaji, na chumvi inakaa kwenye kopo la plastiki." Nilikuwa nikicheka tu.

Alipofariki nilichukua kipande cha jiwe zuri nikaanza kuchonga bakuli la kubaki nyumbani. Nilikuwa nimechelewa, najua, lakini mikono ilitaka kitu cha kufanya. Nikalichimba tumbo la bakuli, nikaanza kulainisha mdomo wake kwa tupa. Asubuhi moja tupa ikaanguka yenyewe. Nikaiokota, ikaanguka tena. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba na kina moto, na nilipojaribu kukikunja nilisikia maumivu yanayopanda hadi kwenye meno. Bakuli likabaki hivyo hivyo, mdomo wake mnene upande mmoja.

Kutoka hapo mambo yalienda kama ndoto ambayo huwezi kuamka. Vidole vikafuatana, kisha viganja, kisha magoti. Nilikuwa nikiota kwamba mikono yangu imekuwa jiwe na kuna mtu anaichonga bila haraka, simwoni uso, nasikia tu patasi. Nikiamka, patasi ilikuwa bado inasikika, ila ilikuwa ndani ya mifupa. Majirani walinishauri kila aina ya mizizi. Wengine walisema ni uzee, na mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu hakufurahia nilivyokuwa nikiuza. Mwishowe nilipelekwa hospitali mjini Kisii, wakanitoa damu, na daktari akaniambia ni baridi yabisi, ile ya kuwaka viungoni, na kwamba tutaishi pamoja mimi na yeye muda mrefu. "Mimi na wewe, daktari?" nikamuuliza. Akasema, "Hapana mzee, wewe na huo ugonjwa. Lakini mimi pia nipo."

Nilipewa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki. Hapa nisimame nikuonye: mara moja kwa wiki ni mara moja kwa wiki, usiongeze kwa tamaa ya kupona. Nilivimeza jioni ya Jumapili, na Jumatatu ilikuwa siku yangu ya kuelea. Sikuwa mgonjwa sana wala sikuwa mzima. Nilikaa barazani, vilima vikawa vinakuja karibu na kurudi, na kuku walipita mbele yangu polepole mno. Uji ulikuwa na ladha ya sarafu. Niliwahi kukaa hivyo mchana mzima nikiamini mke wangu yuko nyuma ya nyumba anasugua, na maji ya karai nikayasikia kabisa. Alikuwa ni Kemunto.

Kemunto ni mke wa mwanangu Nyabuto. Nyabuto yuko Naivasha kwenye mashamba ya maua, hurudi Krismasi na kukiwa na msiba. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi katika nyumba yangu, Kemunto katika nyumba yake ng'ambo ya ua, na binti yao Moraa, ambaye wakati huo alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Kemunto ametoka Manga, kule Nyamira, kwenye ule ukingo wa mlima ambako wasichana hufunzwa kunyamaza vizuri. Ni mama wa heshima sana. Na hapo ndipo shida yetu ilipoanzia.

Muuguzi wa kliniki aliniwekea programu kwenye simu. Kila asubuhi simu ingelia, iniulize maswali machache, na majibu yaende hadi kwa daktari bila mimi kupanda gari. Ilikuwa kitu kizuri. Ila kioo cha simu hakina huruma na kidole kilichovimba. Nilibonyeza hapa kikafungua kule. Mara ya kwanza nilipojaribu kujibu swali nilimpigia simu mchungaji. Mtu wa kunishikia simu akawa ni Kemunto, maana hapakuwa na mwingine.

Sasa, kama wewe si wa kwetu, lazima nikueleze. Kuna heshima tunayoiita chinsoni. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono. Mimi siingii nyumbani kwake, na yeye hafiki chumba ninacholala. Mambo ya mwili hayatajwi kati yetu hata kwa mbali. Vijana wa mjini wanasema hayo yamepitwa na wakati, na kanisani pia hutaniwa, lakini mtu hawezi kuvua ngozi yake kwa sababu imepitwa na wakati. Kati ya babu na mjukuu hakuna chinsoni, hapo ni utani mtupu. Lakini mjukuu wangu alikuwa bado hajaota meno yote.

Basi kila asubuhi Kemunto alikuja hadi barazani, akaugeuzia mlango wangu mgongo, mtoto akiutazama mlango na yeye akitazama migomba.

"Bwakire, Tata," akanisalimu kwa lugha yetu, akiniita baba.

"Bwakire buya," nikajibu nikiwa ndani.

"Simu inauliza, maumivu ya leo ni ngapi, kutoka sufuri mpaka kumi."

"Ni kidogo tu."

"Kidogo ni ngapi?"

"Weka moja."

Nikamsikia akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha homa. "Inauliza... inauliza kama umevaa bila kusaidiwa."

"Nimevaa."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, suruali imefika magotini na imekataa kwenda mbele, vidole viwili vimeishikilia na vinane vimegoma. Nilikuwa na machozi, sikufichi. Lakini ungetaka nimwambie nini? Kwetu mtu akikusalimu unasema uko salama, hata kama nyumba inaungua nyuma yako, ndipo baadaye unaomba maji ya kuuzima moto. Hiyo simu ilikuja na salamu, kwa mdomo wa mkwe wangu, na mimi nikaijibu kama mtu mwenye adabu. Moja. Nimevaa. Nimelala vizuri. Nimeoga.

Mvua za vuli zikaja, zikaenda. Kahawa ikachumwa. Niliendelea kuwa mzima kwenye simu, na kwenye kitanda nikawa siwezi kufunua blanketi.

Siku ya kliniki tulikwenda pamoja, Kemunto akiwa amebeba simu kwa sababu sikuweza kuitoa mfukoni. Nataka nikwambie kuhusu lile benchi la kungojea, maana utalikalia. Ni refu, na kila mtu ameiweka mikono yake mapajani kama kitu alichoazima. Hakuna anayesalimu kwa kushika. Tunainuliana nyusi. Mara ya kwanza niliona huzuni, baadaye nikaona raha: ni mahali pekee duniani ambapo hakuna mtu atakayeuminya mkono wako kwa upendo.

Kando yangu siku hiyo aliketi Mama Zuhura, mwenye duka la nguo mjini, mtu wa maneno mengi na buibui safi. Tulikuwa tumezoeana benchini. Aliniuliza kama na mimi nina ile simu ya maswali.

"Ninayo."

"Mimi naiambia mambo ambayo hata mume wangu sijamwambia, wallahi. Ile haina macho. Itanicheka na nini?"

"Yangu ina macho," nikamwambia, nikimwonyesha Kemunto kwa kidevu, aliyekuwa amesimama mbali na mtoto. "Ni mke wa kijana wangu anayeisoma."

Mama Zuhura aliacha kucheka. Alimtazama Kemunto, akanitazama mimi. "Lo, mzee," akasema. "Hapo pana kazi."

Daktari ni binti mdogo kwa umri, lakini hana mchezo. Aliufungua mstari wa majibu yangu kwenye kompyuta. Mstari ulikuwa umelala chini, umenyooka kabisa. Alitabasamu. Kisha akauchukua mkono wangu, akabonyeza kifundo kimoja kwa kidole gumba, taratibu tu, na mimi nikatoa sauti ambayo sikujua ninayo. Mlango ulikuwa wazi. Benchi zima lilisikia.

"Mzee," akasema, "kati ya hii mkono na hii simu, kuna mmoja ananidanganya."

"Simu ni mpya," nikasema.

Hakucheka. "Hii dawa nimeiacha vile ilikuwa miezi yote hii kwa sababu uliniambia inafanya kazi. Haifanyi. Unaona hivi viwili vimeanza kuenda kando? Hivyo sitavirudisha. Kidole ikishapinda imepinda. Hizi zingine naweza kuzishika kabla hazijaenda, lakini lazima nijue kila siku zinasema nini. Kila siku, mzee. Ama utakuja hapa siku moja ukitaka kushika patasi na utapata hakuna mkono ya kuishika."

Nilipotoka, Kemunto alikuwa amesimama pale pale, uso umeinama. Nilijua amesikia kila neno. Nilijua pia kwamba sasa anajua zile asubuhi zote nilikuwa nasema nini kutoka nyuma ya mlango. Nilitamani ardhi inimeze, na nikahisi vibaya zaidi kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu. Tulirudi nyumbani. Kulikuwa na manyunyu, na vilima vyote vilikuwa vimefutika.

Jioni hiyo Nyabuto alinipigia, mkewe alikuwa amemsimulia ya kliniki. Alikuwa amekasirika, na hasira ya mtu aliye mbali haina mahali pa kukaa. "Tata, kwani unamwogopa Kemunto? Si umwambie tu ukweli!" Kisha, kabla sijajibu, akageuka: "Lakini pia yeye, hayo maswali ya kuoga anakuuliza aje? Watu watasema nini?" Nikamwambia achague moja, kwa maana hayo mawili hayawezi kulala kitanda kimoja. Akakata simu. Nililia kwa ajili ya mwanangu pia, maana nilisikia kwamba anaogopa.

Asubuhi iliyofuata sikusikia salamu. Nilisikia kitu kizito kikiwekwa kwenye ukuta mfupi wa baraza, kisha mlio wa vijiwe vikimwagwa. Nikachungulia kwa ufa wa dirisha. Kemunto alikuwa amelitoa lile bakuli langu ambalo halijakwisha kutoka kwenye banda la kuchongea, amelipangusa, na kando yake ameweka marundo madogo ya vipande vya mawe, vile vinavyobaki tukichonga. Alikuwa ameupa mlango mgongo, na alikuwa anaongea na mtoto.

"Moraa," alisema kwa sauti ya kutosha, "wewe ni rafiki ya babu yako. Mwambie hivi vyeupe ni vya maumivu. Atie vile vinatosha. Hiki cha pinki atie kama nguo zimemshinda. Hiki cha kijivu atie kama mwili imekaa ngumu mpaka ukungu ikaisha. Mwambie hakuna mtu atamuuliza kitu. Mtu atapita tu hapa akiangalia bakuli, kwa sababu bakuli ni ya kuangaliwa."

Moraa alinitazama kupitia ule ufa, akacheka, akapiga mikono. Kemunto akaondoka bila kugeuka.

Nilikaa kitandani muda mrefu. Bakuli lilikuwa la mke wangu, na nilihisi kana kwamba ni yeye aliyelitoa bandani. Nilipotoka nje nilitia vijiwe vitatu vyeupe, kwa adabu ya zamani. Nikarudi ndani. Kisha nikatoka tena, nikavisukuma vyote kwa kiwiko, kwa sababu vidole havikuweza kuokota zaidi, vikaingia kwa kishindo, na cha pinki, na cha kijivu. Kimoja kilianguka chini, nacho kilikuwa ni cha kweli pia.

Nilimsikia akija. Nilisikia vijiwe vikihesabiwa kwa ncha ya kidole, taratibu. Simu ikalia kidogo kila alipobonyeza. Hakusema pole. Angesema pole angekuwa amenijibu jambo ambalo sikusema. Alikiokota kile kilichoanguka, akakitia na vingine, akaenda zake.

Mashati yangu yalipotoka kufuliwa yalikuwa yameshonwa mbele, vifungo vimebaki vya urembo, yanavaliwa kwa kichwa tu. Suruali zilikuwa zimetiwa raba kiunoni. Kikombe changu cha uji kilibadilika kikawa na masikio mawili. Hakuna aliyesema chochote kwa yeyote. Nilivaa shati langu, nikatoka, nikasimama barazani nimevaa kama mtu, na jua likapenya ukungu likanipiga kifuani. Sijui kama nimewahi kupendwa namna ile tangu nifiwe.

Daktari alipiga simu kabla ya siku ya kliniki. Mstari ulikuwa umeruka juu, akasema, na hakuwahi kufurahi hivyo kuona mtu anaumwa. Nikaenda, nikachomwa sindano, dawa ikaongezwa nyingine, damu ikatolewa tena ili waangalie ini. Huo ndio ukawa mwendo wetu: sindano moja na nyingine, na katikati yake mahindi yakapandwa, yakapaliliwa, baridi ya Julai ikaja na majani ya chai yakakataa kukua. Nyabuto alirudi kwa mazishi ya mjomba, akaliona bakuli, akauliza ni la nini. Nikamwambia ni kazi ya mkewe. Akalitazama muda, kisha akaenda kukaa na Kemunto nje ya jiko, na niliwasikia wakicheka.

Sitakudanganya, vijiwe havikupungua kwa mpangilio. Wiki moja vilipungua, nyingine vikafurika. Nilijifunza kuvisoma kabla daktari hajavisoma: siku za mvua, siku baada ya vidonge, siku niliyokasirika. Ile simu nilianza kuipenda kidogo. Haikuwa na akili kubwa, ila haikusahau, na mwili ukiumwa husahau jana ulikuwaje. Jambo ninalotaka ulichukue ni hili: kama huwezi kusema, tafuta namna nyingine ya kusema. Adabu yako isikuzike.

Mwisho wa mwaka, wakati mvua za vuli zilikuwa zikiaga, nilimsikia Kemunto akija asubuhi kama kawaida. Moraa sasa alikuwa anatembea, ametangulia na viatu vya mama yake. Hatua za Kemunto zikasimama mbele ya ukuta wa baraza. Bakuli halikuwepo.

"Tata?" Akangoja. "Tata!" Hakuwahi kuniita mara mbili tangu aolewe.

"Niko huku," nikasema.

Nilikuwa kwenye banda la kuchongea. Bakuli lilikuwa katikati ya magoti yangu, na tupa ilikuwa mkononi. Vidole viwili vimekwenda kando na havitarudi, daktari alisema kweli, lakini vitatu vilivyobaki vilikuwa vimeishika, na haikuwa imeanguka. Ule upande mnene wa mdomo ulikuwa karibu kulingana na mwingine. Kemunto alikuja akasimama mahali panapofaa, akahema.

"Na vijiwe?" akauliza. Aliniuliza mimi, si mtoto.

"Viko pale chini ya ukuta. Leo sikuwa na cha kutia."

Alitoa simu kwenye leso. Nikaisikia ikilia, naye akabonyeza mara moja, mbili, tatu, bila kuniuliza kitu, uso ameuficha. Nikaendelea kupiga tupa. Ukungu ulipopanda nilikuwa nimemaliza. Nikaliweka bakuli chini kwenye nyasi, katikati yangu na yeye, kama kazi zote zinavyowekwa. Akaliokota. Akaleta karai na msasa, akapiga magoti, akalizamisha.

Vumbi likatoka jeupe likajaa majini, na chini yake jiwe likaanza kuonyesha rangi, pinki ya mbali kuanzia kwenye kitako, ikapanda hadi mdomoni. Hata mimi niliyelikata sikuwa najua. Moraa aliingiza mikono yote miwili kwenye maji, na mama yake akamwacha.

"Tata," Kemunto akasema, akiendelea kusugua, "hii si ya kuuza."

"Si ya kuuza," nikamwambia. "Ikikauka, irudishe kwa ukuta. Kesho huenda nikaihitaji."